Kosa la Kulala Lindoni

Tunawatangazia wakazi wote wa Katwe, wapenda maendeleo pamoja na wanaolalamikia kelele, kwamba kiwanda chetu cha nondo sasa kina mtandao wake wenyewe wa simu, wa kuendeshea kreni, na kwamba mtandao huo hauchelewi. Hauwezi kuchelewa, kwa sababu Mkurugenzi, Bwana Bonny, ndiye aliyeukatia utepe.

Kwa hiyo kreni ilipokawia kutii amri ya kusimama, ikabomoa ukuta, ilikuwa wazi kwamba mchelewaji ni binadamu. Bwana Bonny akatoa kanuni: kreni ikichelewa kusimama, aliyeshika simu ya kuiendeshea afukuzwe siku hiyohiyo. Utekelezaji nilikabidhiwa mimi, Sajenti mstaafu Ocira, mkuu wa ulinzi. Wa kwanza kukumbwa na kanuni hiyo alikuwa Adyero, mama anayelea watoto peke yake kule Kalerwe.

"Afande, mimi nilibonyeza mapema," alisema. "Lakini hii simu iko nalala. Ukibonyeza, inaamka kwanza, inatafuta mnara, ndiyo inatuma. Bambi, tafadhali, usinifukuze. Watoto watakula nini?"

Nilimwonea huruma, ingawa jeshini tulifundishwa kwamba huruma ni ya raia. Ila kulala lindoni ni kosa zito. Niliikamata simu, nikaivua kifuniko kama mahabusu anavyovuliwa mkanda, nikaifungia selo. Haikujitetea.

Bwana Bonny alifoka. Simu zile alizichagua mwenyewe, za bei poa, na kitu alichokichagua yeye hakilali.

"Mzembe ni huyu mama. Leteni simu hiyo, niwaonyeshe."

Akasimama chini ya kreni yenye mzigo wa nondo, akabonyeza "Shusha", akaanza kutuhutubia kuhusu uwajibikaji. Hotuba ilikuwa ndefu na nzuri, hata simu ikasinzia. Alipobonyeza "Simama", nondo zikaendelea kuja. Akabonyeza tena. Akamwita Mungu kwa Kiswahili, kwa Luganda, kisha kwa Kiingereza cha ofisini. Mwishowe akajitupa kwenye birika la maji machafu ya kupozea chuma. Kreni ilisimama baadaye, kwa wakati wake.

"Nilibonyeza mapema," alisema akitema maji. "Simu ndiyo ilikuwa imelala."

Nilimfahamisha, kwa heshima zote, kwamba Adyero naye alisema hivyohivyo. Kisha nikampigia saluti, nikamvua kitambulisho, nikamsindikiza hadi nje ya geti.

Niliporudi, Adyero aliniuliza kama naye aondoke. Nikamwambia arudi kazini: mwenye mamlaka ya kutia sahihi barua za kufukuza watu amefukuzwa.