Siku Babu Alipoogeshwa

Jumatatu, 9 Desemba

Ushindi! Tisini na nne kwa sita! Naandika hapa kwanza, kabla hata ya kunywa chai, kwa sababu Ebisawa wa meza ya jirani hawezi kuisoma shajara hii na kuinunia.

Kwa faida ya watakaoandika maisha yangu: molekuli tunazopika huja pacha, kama glavu, ya kushoto na ya kulia. Yangu ya kushoto inatuliza moyo. Ya kulia ni ya kutupa. Ukipika ovyo unapata nusu kwa nusu. Ukitaka ya kushoto unahitaji kichocheo, na hapa kwetu kila mtu hutumia rodi, metali ghali kuliko dhahabu. Mimi nimetumia chuma. Chuma! Ndugu yake msumari!

Sensei Mizoguchi, mwalimu wetu mkuu, kaitazama picha iliyotolewa na mashine ya kupimia, kakohoa, kasema vyema, sasa mtu mwingine arudie. Ndiyo sheria ya maabara yake: hakuna tokeo linalotoka mlangoni mpaka mkono wa pili ulipate. Kampa kazi Kuzuoka, binti aliye nyuma yangu kwa mwaka mmoja. Akilipata, Machi nasimama mbele ya wakemia wa Japani nzima, na Aprili nafasi ya msaidizi ni yangu. Asipolipata, baba ananisubiri Hakodate, kwenye duka la mwani. Alisema mwisho wa subira yake ni mwaka mpya.

Kichocheo cha Natori! Jina langu linakaa vizuri hapo. Ebisawa kasema ni zali tu. Mwenye wivu ajinyonge.

Jumatano, 11 Desemba

Kuzuoka kapata hamsini kwa hamsini. Kaja na adabu zake zote: "Kaka Natori, samahani, mbona kwangu inagoma?" Nimemwambia kemia inamjua mwenyewe. Anapika huku anaimba puani. Mikono yake ya baridi. Nani apate kitu hivyo?

Hata hivyo nimempa chuma changu, chupa yangu, na nafasi yangu kwenye kabati la hewa. Kitu kimoja tu nimekataa: Babu.

Babu ni sumaku ya kukorogea, ndogo kama haragwe, inazunguka ndani ya chupa. Niliirithi kwa Kaka Ushijima alipohitimu. Za wenzangu ni nyeupe pe. Babu ni wa kijivu, ana madoa meusi. Amenipikia kila kitu kizuri nilichowahi kupata. Mtu haazimishi babu yake.

Mchana karudia. Hamsini kwa hamsini. Anafanya makusudi?

Ijumaa, 13 Desemba

Mbinu. Nimepanda hekaluni theluji ikiwa magotini, nimenunua hirizi ya mafanikio, nimeining'iniza kwenye kabati la Kuzuoka akiwa hayupo. Msaada wa siri. Mimi ni mtu mwema, nalijua hilo.

Sensei kapita, kaisoma hirizi, kavaa miwani kaisoma tena. Kamuuliza Kuzuoka kwa upole kama kuna habari njema ya kupongezwa. Kumbe ni hirizi ya kujifungua salama! Zote zilikuwa nyekundu, na vidole vyangu vilikuwa vimeganda. Kuzuoka kawa mwekundu kuliko hirizi. Ebisawa kakaa chini sakafuni kwa kicheko.

Nikaendelea kusugua chupa zangu. Matokeo ya jioni: hamsini kwa hamsini. Hekalu lile nalo halina uwezo.

Jumanne, 17 Desemba

Subira imekwisha. Nimeamua kuusaidia ukweli kwa mkono. Kila sampuli inawekwa kwenye kichupa, kichupa kinasubiri zamu kwenye mashine. Nimechukua kichupa changu cha ushindi, nimekiweka mahali pa Kuzuoka, chake nimekitia mfukoni. Sekunde chache. Huo si udanganyifu. Ni kufupisha safari.

Sikujua kwamba asubuhi Kuzuoka alimwachia Ebisawa zamu yake. Ana huruma mno binti huyu, itamponza. Basi ushindi wangu ukatoka kwa jina la Ebisawa! Ebisawa, ambaye hajapata kitu tangu majani yalipopukutika! Karuka. Kakimbilia dukani, katununulia wote mikate yenye umbo la tikiti. Nimekula wangu kwa uchungu. Ulikuwa mtamu.

Halafu Sensei kaitazama picha, kamwita. "Ebisawa, lini umeanza kupika molekuli ya Natori?" Ebisawa kanigeukia, mkate mdomoni. Mimi nikawa natazama theluji dirishani.

Sensei hakuuliza zaidi. Kaagiza tu kwamba kuanzia leo mimi ndiye wa kusafisha mashine, kwa kuwa vichupa vyangu vina miguu. Sawa! Mti wenye matunda hupigwa mawe.

Ijumaa, 20 Desemba

Karamu ya kuaga mwaka. Kondoo wa kuchoma, bia, moshi hadi kwenye soksi. Ebisawa, kwa sauti ya meza nzima: "Kitu pekee ambacho Kuzuoka hajatumia ni lile jino bovu la Natori!" Jino bovu! Babu!

Kuzuoka kaweka vijiti chini. Kasema polepole kwamba Kaka Ushijima alifanya kazi na rodi miaka yake yote hapa. "Samahani, Kaka Natori, lakini je, kama madoa yale ni rodi yake, na ndiyo yanayopika?" Yaani chuma changu kinakaa tu, na uchafu wa mtu mwingine ndio unaopika!

Nimesimama. Nimesema mbele ya kondoo wote kwamba chuma ni chuma, na mwenye shaka aje mezani kwangu. Bia ilimwagika, lakini hoja ilibaki.

Sensei alikuwa ameacha kula. Kasema kama ni madoa, basi chembe isiyoonekana kwa macho inafanya kazi ya kijiko kizima. Tena ikiwa imeshikwa na molekuli niliyoiunda mimi ili ishike chuma. Kasema, "Natori, hilo ni kubwa kuliko chuma chako." Kaamuru Kuzuoka amtumie Babu baada ya usafi wa mwisho wa mwaka, kisha wote tumkwangue na kumpima.

Wote walinitazama kwa furaha. Mimi nilisikia neno moja tu: uchafu.

Jumatatu, 23 Desemba

Siku ya usafi mkuu. Madirisha, sakafu, makabati, kila mtu na kitambaa kichwani. Sensei mwenyewe anasugua sinki.

Nami nimesafisha jina langu. Nimemtia Babu kwenye ile asidi inayoyeyusha hata dhahabu. Katoa moshi, katoa rangi ya machungwa, kisha katulia. Nimemtoa mweupe kama jino la mtoto. Machozi yalinilenga, na si ya moshi peke yake. Sasa hakuna atakayesema Natori anabebwa na madoa. Kesho Kuzuoka atamtumia Babu akiwa msafi, na chuma kitajisemea. Wataisoma namba!

Jumatano, 25 Desemba

Kuzuoka: hamsini kwa hamsini. Nimemsukuma kando, nimepika mwenyewe, kwa Babu, bila kuimba. Hamsini kwa hamsini. Dukani keki za Krismasi zimeshushwa bei nusu. Leo kila kitu ni nusu.

Sensei kaniuliza nilimuosha na nini. Nimemwambia, kwa fahari. Kauliza asidi ile iko wapi. Nimemwambia iliondoka na gari la taka jana asubuhi, mimi ni mtu wa utaratibu. Kavua miwani. Kakaa kwenye stuli yangu muda mrefu, mgongo kaukunja. "Natori," kasema, "umeuosha ugunduzi wako."

Roho iliniuma. Naandika hivyo mara moja tu. Lakini sikuomba radhi, maana kosa la usafi sijalisikia popote.

Kuzuoka ndiye aliyempigia simu Kaka Ushijima, Osaka. Kumbe Babu ana pacha! Kaka Ushijima aliondoka naye, yuko kwenye meza yake kama kumbukumbu, hajawahi kuoshwa. Atamtuma kwa mjumbe wa haraka. Sensei kasema wazi, na wote tulisikia: pacha huyo akifanya kazi, ugunduzi ni wangu, Machi nazungumza mimi, Aprili nabaki. Kuzuoka kapiga makofi. Hata Ebisawa kanipigapiga bega. Wamepoa hawa watu. Ni kwa kuniogopa.

Jumamosi, 28 Desemba

Niko peke yangu. Kuzuoka kapanda treni kwenda kwao Asahikawa, Sensei yuko kwenye chemchemi za maji ya moto milimani, wote hadi Januari. Baba kapiga simu, kasema kaninunulia aproni ya dukani. Nimemwambia aivae mwenyewe, mimi nabaki Sapporo.

Mjumbe kaleta kifurushi. Nje Kaka Ushijima kaandika kwa wino mwekundu: USIMUOSHE. Chini yake kaandika tena: NATORI, USIMUOSHE. Nimefungua. Loo! Mchafu kuliko Babu! Madoa meusi, ya kahawia, na kitu cha kijani kisichojulikana. Na hiki ndicho wanachotaka kiwe msingi wa jina langu? Ili Ebisawa asimulie kila karamu, hadi nizeeke, kwamba Natori alipanda juu kwa uchafu wa Ushijima?

Ng'o. Safari hii nimejifunza. Kosa la mara ya kwanza lilikuwa kumuosha Babu mara moja tu, chembe za uchafu zikabaki zikakizuia chuma. Huyu nimemuosha mara tatu kwa asidi ile ile, na maji ya kuoshea nimeyamwaga mwenyewe ili yasimsumbue mtu.

Nimemweka kwenye sahani juu ya meza ya Kuzuoka, kando ya Babu. Wanang'aa wote wawili. Wakirudi Januari watanishukuru.