Mwanachama Namba Themanini na Saba

Kidole kidogo cha mguu wa kushoto ndicho kilichomsumbua zaidi Tajudini. Kilikuwa kimezoea kujificha chini ya mwenzake, na hakikutaka kutoka hadharani kujifanya kidole cha mkulima wa Rutana. Alikivuta kwa mkono, akakichovya kwenye wino, akakigandamiza kwenye karatasi mbele ya jina namba mia na arobaini.

"Huyu nani?" akauliza Khadidja, mke wake, aliyekuwa akichambua maharage kwenye mkeka.

"Mulimaji. Baba wa watoto saba."

"Ananuka soksi."

"Mama Ilias, heshimu wanachama."

"We Baba Ilias, ukimaliza miguu utaenda wapi? Mi vidole vyangu sikupi. Nina maharage."

Tajudini alikipangusa kidole. Vidole vyake vya mikono vilikuwa vimeshapita mara kumi na tatu kila kimoja: mara kimelala, mara kimesimama, mara kimegeuzwa juu chini. Bado walibaki wanachama sabini na wawili, na siku zilikuwa zikipungua.

Ilikuwa Oktoba ya mwaka 2001. Vita vilikuwa na umri wa miaka minane na milio ya bunduki milimani ilisikika hadi mtaani Buyenzi, lakini mjini watu walizungumza habari ya Bunge la mpito. Ilisemwa kwamba kila chama cha siasa kilichoandikishwa kabla ya vita, hata kama kilikuwa kidogo namna gani, kitapewa kiti. Wengi waliposikia hivyo waliwaza amani. Tajudini aliwaza hakimu. Mwaka uliopita aliuza friji moja kwa watu watatu. Wa kwanza alikuwa mchungaji, akamsamehe. Wa pili alikuwa muuguzi, akamlaani. Wa tatu alikuwa mke wa kapteni, na huyo alimpeleka mahakamani. Kesi ilikuwa Jumatatu, tarehe ishirini na tisa, na baada ya Jumatatu hiyo Tajudini alijiona wazi akiwa gerezani Mpimba. Lakini mbunge hakamatwi. Mbunge ana kinga.

Kinga hiyo aliipata kwenye karanga. Alikuwa amenunua karanga za kukaanga sokoni Mutakura, na alipofika chini akaona karatasi iliyozifunga ina muhuri wa wizara. Aliisoma, akaisoma tena, akarudi kwa mama wa karanga na kununua rundo zima la karatasi zake. Humo mlikuwa na barua ya kuandikishwa kwa chama, katiba yake, na daftari la wanachama mia mbili na kumi na wawili. Kilikuwa chama cha walimu na mafundi, kilichozaliwa mwaka 1992 kikiwa na matumaini mengi. Viongozi wake walikufa au walikimbia. Hakuna aliyekuja kukidai. Kwa kanuni za Tajudini, kitu kisichodaiwa ni cha aliyekiona, na kinachodaiwa ni cha anayejua kueleza.

Wizara ilitaka orodha iliyopigwa mashine, na mbele ya kila jina alama ya kidole.

Orodha ilipigwa na Mathilde, mjane mwenye meza na mashine ya kuandikia chini ya kibaraza kimoja cha Rohero. Alikuwa mwanamke wa maneno machache, anayelipisha kwa ukurasa na kurekebisha Kifaransa cha wateja bila kuwaambia. Siku alipokuwa akiipiga orodha hiyo, mashine ilinyamaza mara moja tu, kwenye namba themanini na saba. Kisha ikaendelea.

Sasa Tajudini alimrudishia orodha ikiwa na vidole vyote.

"Mama Mathilde, bado barua moja. Andika kwamba chama kimemteua Tajudini kuwa mbunge wake."

Mathilde alikuwa akipitia alama moja moja, taratibu. Akasimama kwenye namba themanini na saba.

"Huyu bwana alikuwa mwashi, imeandikwa hapa. Kidole chake ni kidogo sana."

"Alikuwa mutu mwembamba."

"Ulimwona?"

"Alikuja kwangu juzi. Tulikunywa chai."

Mathilde alifunga orodha, akaitia kwenye bahasha. Namba themanini na saba alikuwa Anselme, mume wake. Vidole vyake gumba vilikuwa vinene kiasi kwamba havikuingia kwenye mpini wa kikombe, na mwaka 1995 alitoka asubuhi kununua misumari, hakurudi.

"Barua haitoshi," akasema. "Katiba ya chama, ibara ya kumi na mbili. Mbunge anachaguliwa na mkutano wa wanachama. Wizara itatuma mtu wa kushuhudia."

"Mkutano? Na watu ntawatoa wapi?"

"Watu nitakutafutia mimi."

"Utanilipisha?"

"Apana."

Tajudini alitembea hadi nyumbani akimshukuru Mungu kwa kuumba watu wema, kwa maana bila wao kazi yake ingekuwa ngumu sana.

Ukumbi, nyama na bia vya mkutano vilitoka kwa Adolphe, mwenye depo ya vinywaji huko Mutakura. Adolphe hakuwa na siasa. Alikuwa na lori. Kila lilipofika kwenye bariyeri ya barabarani, wenye bunduki walishusha kreti walizopenda wakamtakia safari njema. Tajudini alimweleza kwamba lori la mbunge halishushwi hata soda.

"Na kiti ni changu kweli?"

"Patron, mi nafungua mkutano tu. Jina lako nalisoma mwishoni, kama harusi."

Jumamosi asubuhi depo ilijaa. Tajudini alikuwa ametegemea wavivu thelathini wanaofuata brosheti, yaani mishikaki. Walikuja watu mia moja na sitini, wengi wao wanawake, wamevaa nguo za kanisani na kanzu za Ijumaa, na kila mmoja alikuwa na kadi kuukuu, nyingine zimetolewa ndani ya Biblia, nyingine nyuma ya picha za ukutani. Kwa wiki mbili Mathilde alikuwa amefunga mashine yake saa nane kila siku na kuzunguka mitaa, jina kwa jina. Nyuma ya kadi ilichapwa ibara ya tisa: mwanachama akifariki, mtu mmoja wa nyumba yake anaweza kuchukua nafasi yake. Walimu walioandika katiba ile walifikiria mambo mengi. Labda hilo walilifikiria zaidi kuliko walivyopenda.

Tajudini alidhani ni njaa ya mji mzima. Akapanda juu ya kreti, akafungua mikono.

"Ndugu wanachama. Sisi tulioteseka pamoja tangu mwaka wa tisini na mbili..."

"Pamoja na nani?" akauliza bibi mmoja aliyekaa mbele. "We mi sikujui."

"Bibi, nilikuwa nyuma."

"Nyuma ya nini?"

Watu wakacheka. Afisa wa wizara, mwenye miwani na haraka, akauliza wagombea ni akina nani. Tajudini alijitaja. Adolphe akasimama, brosheti mkononi.

"We Tajudini. Si ulisema ni mimi?"

"Patron, siasa inabadilika."

"Tangu asubuhi?"

Yule bibi wa mbele akamtaja Mathilde. Mikono ikainuliwa. Tajudini alipata mkono mmoja, wake mwenyewe. Adolphe alipata minne, pamoja na wapakiaji wake watatu. Iliyobaki ilikuwa mingi hadi afisa akahesabu mara mbili.

"Kuna pingamizi?" akauliza. "Kuna anayesema hawa si wanachama?"

Tajudini alifungua kinywa. Mathilde, aliyekaa kando yake, alivuta bahasha nusu kutoka kwenye mkoba, na alama moja ndogo, iliyojikunja kidogo, ikachungulia.

"Kama hawa si wenyewe," akamwambia kwa sauti ya chini, "nimpe afisa ile orodha ya wale uliokunywa nao chai?"

Tajudini alifunga kinywa.

"Apana pingamizi," akasema. "Demokrasia imesema."

Afisa aliandika kwamba vidole vitakamilishwa baadaye, akala brosheti mbili, akaondoka.

Jumapili, baada ya misa, Tajudini alikuwa mlangoni kwa Mathilde.

"Mama, kesho ni mahakama. Hiyo kinga haiwezi kugawanywa kidogo?"

"Haigawanywi." Akamtolea barua iliyokwisha kupigwa muhuri. Ilimjulisha hakimu kwamba Bwana Tajudini yuko katika kazi maalumu ya chama, ya kukusanya alama za vidole, na chama kinaomba kesi iahirishwe hadi kazi ikamilike. "Utapita nyumba kwa nyumba. Kila jina, kidole cha mtu aliye hai. Usipoenda, bahasha ninayo."

Hakimu, ambaye kwa miaka hii minane alikuwa amezoea kuahirisha, aliahirisha kwa mwezi mmoja. Kisha mwingine.

Mathilde aliapishwa Januari. Alizungumza mara chache, na kwa kuwa waliozungumza mara chache walionekana wenye busara, alitiwa kwenye kamati mbili. Adolphe alipewa unaibu, yaani angekalia kiti endapo Mheshimiwa angefariki. Tangu siku hiyo aliulizia afya yake kila asubuhi, naye Mheshimiwa aliacha kunywa soda katika depo ile. Mathilde alipewa gari. Mwanzoni alishusha kioo kila alipomwona mtu wa chama. Kufika Machi alishusha nusu.

Tajudini naye alipita Mutakura, Kinama, Buyenzi, hadi Kibenga, akiwa na kidau chake cha wino. Alikaa kwenye viti vya watu, akasikia nani alikufa wapi, na kwa mara ya kwanza maishani akanywa chai kweli na wanachama wake. Hakufanya haraka. Alikuwa ameshang'amua kwamba siku orodha itakapokamilika, barua kwa hakimu zitakwisha. Nyumba moja aliweza kuirudia mara nne. Lakini hata mvivu hufika, na alasiri moja aliweka orodha mpya juu ya meza ya Mheshimiwa.

"Mia mbili na kumi na moja," akasema. "Limebaki jina moja."

Mathilde alipekua hadi namba themanini na saba. Pale mbele ya jina palikuwa peupe. Tajudini, aliyekuwa ameshaambiwa habari ya Anselme katika nyumba nyingi, akamsogezea wino.

Mathilde aliinua kidole gumba chake, akakitazama. Ibara ya tisa ilisema: mwanachama akifariki. Kisha akafunika kidau.

"Kesho," akasema.

"Kesho, Mheshimiwa," akasema Tajudini, akaikunja orodha haraka kabla hajabadili nia.