Zhiguli Yangu na Jicho la Shemeji

Jumapili, 12 Januari
Baridi kali. Hapa Naryn, mji wetu wa milimani, leo hata ndevu zimeganda. Jumakadyr kaja kunywa chai. Huyu ndiye aliyemwoa dada wa mke wangu, na sasa ana gari jipya jeupe analolipangusa kwa leso. Lakini kubeba mifugo hutaka gari langu, Zhiguli kuukuu! Wakati wa vuli alilichukua bila kuaga, akapakia kondoo wawili. Bado linanuka.

Safari hii nimemuwahi. Alipokuwa anapuliza chai nikatoka kimya kimya, nikazima swichi yangu ya siri. Nimeifunga mwenyewe garini, nyuma ya kisahani cha majivu ya sigara. Hakuna binadamu anayeijua. Sasa aje aibe! Jumakadyr kaondoka bila kuomba chochote. Ushindi.

Jumatatu, 13 Januari
Gari haliwaki! Linakohoa, linakohoa, kimya.

Na Jumamosi ni arusi ng'ambo ya mlima. Nimeshamwahidi mama mkwe, Bi Ryskan, kwamba nitampeleka mimi. Anayempeleka huingia naye, huketi naye kule mbele mbali na mlango, na nyama ikigawiwa hupata mfupa wa paja. Mwaka jana alipelekwa na Jumakadyr. Mimi niliketi karibu na viatu, nikapewa ubavu kama kijana asiyeoa. Ubavu ule bado umenikaa kooni.

Chanzo cha ubovu nimekijua papo hapo. Jana, akiaga, Jumakadyr alilitazama gari langu akasema, "Kumbe bado linatembea hili!" Jicho, basi. Jicho tupu.

Jumanne, 14 Januari
Nimelifukiza gari kwa majani ya mreteni, mti wa kufukuzia jicho, milango imefungwa, mimi ndani. Gulbara, mke wangu, kanitoa nikiwa natapatapa. Kiti cha nyuma kina tundu la kaa la moto. Paka kahamia kwa jirani. Gari haliwaki, ila jicho limetoka, nina hakika.

Jumatano, 15 Januari
Ni betri! Inasikia baridi. Watu wote hapa huingiza betri ndani wakaiweka karibu na jiko. Mimi si watu wote. Nimeilaza kitandani, katikati, chini ya mfarishi wa sufu. Gulbara kaniambia nichague, yeye au betri. Nikamwuliza nani kati yao atatufikisha arusini. Kabeba mto wake, kahamia jikoni.

Alhamisi, 16 Januari
Betri imelala vizuri. Mimi nimeamka na shati lenye matundu ya asidi. Gari linakohoa kwa nguvu zaidi, lakini haliwaki. Nimefungua kabureta, nimeisafisha, nimeifunga. Imebaki skrubu moja. Nimeitia mfukoni.

Mama mkwe kapita kuuliza kama kweli tutakwenda. Nimemwambia gari linapumzika. Kasema na yeye angependa kupumzika hivyo.

Ijumaa, 17 Januari
Jumakadyr kaja bila kuitwa, kainama kwenye injini na mikono mifukoni. "Shemeji, moto haufiki kwenye plagi. Hukufunga swichi ya kuzuia wezi mahali?"

Mjanja huyu! Nikikiri, siri imekwisha, na kondoo watarudi. Nimeapa. Swichi? Swichi gani? Mimi na swichi wapi na wapi? Nimekana kwa nguvu mpaka mimi mwenyewe nimeamini kwamba haipo. Kainua mabega, kasema kesho atatubeba sote kwenye lake. Nimekataa katakata.

Lakini baada ya yeye kuondoka nimeogopa, nasema kweli. Nimeuona ubavu ule mbele yangu.

Jumamosi, 18 Januari
Suluhisho! Jumakadyr anivute kwa kamba. Heshima ni kufika ndani ya gari lako mwenyewe, na kilicho mbele ya kamba si hoja. Mama mkwe kakubali kupanda langu, maana jipya lina harufu ya dukani na humtia kichefuchefu. Kajifunika blanketi mbili, kaketi pembeni yangu akitafuna mbegu za alizeti. Gulbara kakalia tundu, nyuma.

Njiani nimezungusha ufunguo, nimeingiza gia, labda litashtuka. Wapi! Tumekaribia nyumba ya arusi, watu wamejipanga nje, wote wanaiona kamba. Mama mkwe kauliza maganda ayatie wapi. Kabla sijajibu kavuta kisahani cha majivu, kapeleka kidole nyuma.

Ka! Gari limenguruma, limeruka, limeingia kwenye bampa jeupe la Jumakadyr.

"Palikuwa pamezimwa hapa, mwanangu," mama mkwe kasema, na akaendelea kutafuna.

Gulbara kacheka mpaka kakosa pumzi. Jumakadyr kashuka, kalipangusa bampa kwa leso, kisha kajipangusa macho.

Jumapili, 19 Januari
Karamu ya jana. Mama mkwe kasimulia kila kitu, mara mbili, kwa wale wa mwisho wasiosikia. Paja kapewa Jumakadyr, kwa kumfariji. Nikasubiri ubavu. Haukuja hata ubavu! Mama mkwe mwenyewe kakata sikio la kondoo, kaninyooshea mbele ya watu wote. "Kula, mwanangu, usikie."

Sikio! Kutoka kichwani, sehemu ya heshima kuliko zote! Ni kweli kwamba sikio hupewa watoto ili wawasikilize wakubwa, lakini ni dhahiri kwangu yeye alimaanisha jambo jingine. Jumakadyr hakupata kitu chochote cha kichwani. Watu walishangilia sana.

Jumatatu, 20 Januari
Nimegundua kosa. Swichi ilikuwa mahali rahisi mno, hata bibi mwenye mbegu kaiona. Nimeihamisha. Wapi, siandiki, Gulbara husoma humu. Mchana Jumakadyr kaja kunywa chai na kulizungumzia bampa. Alipokuwa anapuliza chai, nikatoka kimya kimya.

Jumanne, 21 Januari
Gari haliwaki! Betri, bila shaka. Nimekwenda kutandika kitanda. Gulbara ameshabeba mto wake.