Tochi ya Rezista Tatu Mgongoni

Tega sikio: ni nani humuuzia mtu asichokuwa nacho, mtu mwenyewe hakihitaji, na wakaagana wote wawili wakichekelea? Ukijibu "tapeli na bahili," basi Mdomo Mafuta umeshamjua, na Bosi wa walinzi umeshamjua pia.

Mdomo Mafuta alikuwa akikatiza mbele ya ofisi ya kampuni ya ulinzi, kavaa koti la fundi lenye kalamu nne mfukoni. Kuandika hakukumpenda, lakini kalamu zilimheshimisha. Dirishani akamsikia Bosi akigombana na boksi la tochi arobaini, mpya, bado zina nailoni.

"Tochi gani hizi? Zinamulika kama jicho la mgonjwa!"

Mwingine angesikia lawama. Mdomo Mafuta alisikia mlango ukifunguka, naye akaingia.

"Shikamoo, bosi. Tochi hazina kosa. Umeme umebanwa humo ndani, unataka wa kuufungulia. Nikiugusa mimi, tochi moja itafanya kazi ya mbili."

Bosi akakuna kidevu. "Moja kazi ya mbili... Yaani hata mlinzi mmoja kazi ya wawili?"

"Umesema wewe, bosi. Mimi fundi tu."

"Basi mwisho wa mwezi nusu yao wanarudi makwao! Chukua moja, kesho saa nne asubuhi uniletee iwe ya mfano. Ikinipendeza, chukua boksi lote ukazitengeneze."

Kulichukua, sawa. Kuzitengeneza, hapo hakuahidi hata moyoni. Boksi lingepanda pikipiki yake na kuhamia mji mwingine. Kulikuwa na kikwazo kidogo tu: ndani ya tochi hakuwahi kuchungulia tangu azaliwe.

Akakimbilia kwa Mama Lehemu, fundi redio wa nyuma ya soko, mwanamke mwenye miwani iliyofungwa kwa waya. Asichojua ni kwamba mume wa mama huyu alikuwa mlinzi wa Bosi yuleyule. Hata kiti hakijapata joto, Mdomo Mafuta alishamwaga habari yote ya kupunguza walinzi, anacheka mpaka kalamu zinagongana.

"Nusu yao?" akauliza Mama Lehemu.

"Nusu! Wanaanza na wazee."

Mume wake alikuwa mzee kuliko lango alilolinda. Mama Lehemu akachukua bisibisi. Akafungua tochi.

"Unakiona hiki kipunje, kama mchele? Rezista hiyo. Ndiye bawabu wa umeme, anasema piteni kiasi hiki tu. Nikimbebesha mwenzake mgongoni, umeme unapata njia mbili, mwanga unapanda."

"Mbebeshe watatu!"

"Mwanangu, mmoja anatosha. Hiki kibati cha kupoza ni chembamba kama jani. Ukiweka watatu, itakuunguza."

"Mama, moto na mwanga ni ndugu. Umewahi kuona jua la baridi?"

"Nimekuonya, hujaonywa?"

"Nimeonywa."

"Haya." Akawapandisha watatu, lehemu ikang'aa kama hereni.

Kesho yake saa nne, Bosi akafunga mapazia, Mama Lehemu kasimama pembeni kama msaidizi. Tochi ikawashwa. Lo! Buibui wa kwenye kona akahama. Doa la ukutani ambalo mfagizi alikuwa akiliruka tangu mwaka jana likajitokeza kama ramani.

"Inadumu hivyo muda gani?" akauliza Bosi, macho yamemtoka.

"Mpaka umalize chai yako, bosi!"

Maneno ya kujitakia hayo. Bosi alikuwa mtu wa kupuliza chai.

Mwanzo joto lilikuwa la kiganja cha mchumba. Likawa la pasi. Mdomo Mafuta akahamishia tochi kushoto, akairudisha kulia, akaanza kurukaruka.

"Mbona unacheza?"

"Utaratibu wa kifundi, bosi. Nasambaza mwanga."

"Unapendeza. Endelea." Bosi akamimina kikombe cha pili.

Akiiangusha, boksi limekwenda. Akauma meno, akauma ulimi, akatamani kuuma meza.

"Machozi hayo ya nini tena?"

"Ya fahari, bosi!"

Hatimaye kikombe kikagusa sahani. "Nimeridhika. Chukua boksi." Mdomo Mafuta akairusha tochi kwenye ndoo ya deki, ikalia chwaaa!

Akainama kubeba boksi. Vidole vikakataa kukunjika, mikono imevimba kama glavu za ndondi. Akajaribu viwiko. Akajaribu kidevu. Nje, pikipiki ilikuwa inamngoja, na usukani unashikwa kwa nini kama si mikono?

"Mwanangu, nikubebee?"

"Nibebee, mama," akajibu kwa sauti ya mtoto aliyejikojolea.

Mama Lehemu akajitwika boksi kichwani, akaipita pikipiki kama haioni, akashika njia ya kibandani.

"Mama, si huko!"

"Hukumwahidi Bosi zitatengenezwa? Zinatengenezwa wapi, baharini?"

Kumfukuza alimfukuza. Kumnyang'anya, kwa mikono ya nani?

Baada ya wiki moja Mama Lehemu alizirudisha zote arobaini, hata ile ya kwenye ndoo, kila moja na rezista moja ya ziada na kibati kinene cha shaba. Zilimulika vizuri, na ukizishika zilikuwa vuguvugu tu. Bosi akasugua viganja.

"Sasa ile nusu ya walinzi..."

"Ndilo lililonileta, bosi. Mwanga mara mbili unakula betri mara mbili. Zamu haijafika katikati, tochi imezima. Kila anayeshika tochi atembee na mwenzake wa kumbebea betri za akiba."

Bosi akahesabu kwa vidole, akarudia. Uso ukamshuka. "Kumbe sina hata mmoja wa kupunguza!"

"Huna. Tena ukiwapanga wawili wawili, mume wangu anabaki peke yake."

"Unataka niajiri mwingine? Yuko wapi huyo?"

"Yuko hapo nje. Mikono bado haijapona, lakini mkoba wa betri unavaliwa begani."