Rejeta Iliyopimwa kwa Futi ya Cherehani

Jumatatu, 2 Oktoba 2000

Leo nimeteuliwa. Kwa usahihi zaidi: leo nimejiteua, na kamati ya kanisa haikupinga. Mimi, Delphin, mhitimu wa sayansi za biashara kutoka Bukavu, ndiye msimamizi wa ukarabati wa lori la mzee Étienne. Hatimaye!

Hali yenyewe ni kama ifuatavyo. Lori ni la dizeli, lina pua ndefu, na umri wake ni sawa na wangu: miaka ishirini na sita. Ndicho kitu pekee mzee Étienne alichovuka nacho kutoka Uvira vita vilipoanza upya, na ndilo lori pekee ambalo sisi wakimbizi wa kambi ya Dzaleka, hapa Malawi, tunaweza kuliita letu. Rejeta yake inavuja. Asubuhi chini ya injini kulikuwa na dimbwi. Bata wa jirani wameanza kulizoea.

Na Jumamosi lori linahitajika. Annonciata, mke wa Eliezer, amelazwa Lilongwe wiki ya tatu sasa, na madaktari wamemwambia mumewe amchukue nyumbani. Hawakulisema kama habari njema. Annonciata anataka jambo moja tu: litokee litakalotokea, awe hapa Dzaleka, karibu na kaburi la mtoto wao wa kwanza. Eliezer amempa neno lake. Amelirudia mbele ya kamati, akiwa ameshika kofia kwa mikono miwili.

Védaste, Mnyarwanda anayeziba masufuria karibu na kisima, akasema jambo ni dogo. Atashusha rejeta, atayeyusha risasi, ataziba mirija iliyotoboka. "Siku moja, kisha munaenda." Nikainuka. Nikaeleza tofauti iliyopo kati ya kiraka na suluhisho la kudumu. Nikatamka "upembuzi yakinifu" mara mbili. Kamati ikanisikiliza kwa heshima. Rejeta iliyotumika lakini nzima, kutoka Lilongwe, kwa bei nafuu: huo ndio mpango wangu.

Védaste akauliza kama diploma yangu inaweza kupoza injini. Watu wakacheka. Nimeamua kutolijibu swali hilo.

Jumanne, 3 Oktoba

Siku ya vipimo. Nilihitaji futi. Odette, mshonaji wetu, alikuwa kwenye mazoezi ya kwaya, lakini futi yake ilikuwa imening'inia kwenye cherehani. Sikuona haja ya kumsubiri mwimbaji kwa ajili ya kazi ya kitaalamu.

Upana: sentimita 68. Urefu: 59. Nimepima mara tatu. Mara zote tatu jibu ni lile lile. Hiyo ndiyo maana ya sayansi.

Mzee Étienne alipendekeza tuishushe rejeta mbovu niibebe hadi Lilongwe, ili niifananishe na nyingine uso kwa uso. Ndivyo walivyokuwa wakifanya kwao, alisema, tangu enzi za Wagiriki wenye maduka kule Uvira. Nikamweleza kwa upole kwamba huo ni utaratibu wa watu wasiojua kuandika. Akaniomba radhi! Mtu wa umri wa baba yangu. Nimerudi nyumbani nikitembea taratibu, ili nionekane.

Jumatano, 4 Oktoba

Lilongwe. Nilikuwa na kibali cha kutoka kambini, tai, na karatasi ya vipimo yenye sahihi yangu.

Kule Nsungwi yupo bwana anayeuza vyuma nyuma ya nyumba yake. Rejeta zimesimama ukutani kama vitabu. Alichouliza kwanza ni kama nimekuja na ile ya zamani. Nikamwonyesha karatasi. Akauliza tena. Nikamwonyesha sahihi. Akainua mabega, akaingia kati ya vyuma, akatoka na rejeta ya 68 kwa 59. Kamili! Nilikaribia kumkumbatia. Sadaka za Jumapili mbili zikahama kutoka mfukoni mwangu kwenda mwake. Akanijulisha kwamba kilichouzwa hakirudi, zikomo, yaani asante.

Kisha nikapita hospitalini, rejeta begani, ili Annonciata aione kwa macho yake. Amekonda mno. Eliezer alikuwa anampepea kwa kipande cha katoni. Mgonjwa akauliza kama lori liko tayari. Nikamjibu kwamba maandalizi yamefikia asilimia tisini. Akacheka mpaka akakohoa. Akasema hajawahi kuona lori la tisini: "Lori inaenda ao haiende, muwana." Eliezer akamfuta mdomo. Kwenye kitambaa kulikuwa na damu kidogo. Nimelichukulia lile cheko kama ishara ya imani.

Alhamisi, 5 Oktoba

Haiingii.

Tumejaribu kuiingiza kwa juu. Kwa chini. Kwa mshazari. Mzee Étienne alipiga magoti na kuikodolea macho, kisha akasema kwa sauti ya chini kwamba imezidi kwa upana wa kiganja. Nikamwambia kwamba huenda lori limejikunja kwa uzee.

Hapo ndipo Odette alipopita, akaona futi yake shingoni mwangu. "We Delphin! Ulipimia ile? Iko inaanzaka kwa saba!" Futi yenyewe ilikatika mwanzoni miaka miwili iliyopita. Sentimita saba za kwanza hazipo. Kila anaposhona, Odette anapunguza saba kichwani; kila mteja amemsikia akisema "toa saba"; watoto wa kambi wanaimba "toa saba" wakiruka kamba. Kambi nzima inajua. Mimi sijawahi kushonewa nguo Dzaleka. Nguo zangu ni za Bukavu.

Védaste alikuja kutazama, amejikalia juu ya ndoo. Akashauri nimpelekee Odette rejeta aipunguze kiunoni. Mwanamke mmoja ilibidi ashike ukuta kwa kucheka.

Kicheko kilikoma mchana. Ujumbe umefika kwa simu ya ofisi ya kambi: Annonciata amefariki alfajiri. Eliezer yuko peke yake na mwili, na anauliza lori linakuja lini.

Hakuna aliyenitazama. Ningependelea wangenitazama.

Védaste akasimama, akaigeuza ndoo yake sawasawa, akasema risasi imemwishia. Anakwenda Lilongwe kununua, kesho saa kumi atakuwa amerudi, na ataiziba ile ya zamani kabla ya giza. Kamati ikakubali. Kwaya, wazee na jeneza kutoka kwa seremala: wote wataondoka Jumamosi saa kumi na mbili asubuhi.

Sasa nakaa na kufikiri. Kesho saa kumi Védaste ataokoa jambo hili, na kaburini yeye ndiye atakayetajwa.

Ijumaa, 6 Oktoba

Ushindi! Naandika kwa mkono mweupe.

Nilikumbuka kitu ambacho kila dereva wa Uvira anakijua: rejeta inapovuja njiani, unatia kijiko kimoja cha unga wa muhogo. Unga unakwenda wenyewe kwenye tundu, unaiva kwa joto, unaziba. Huku muhogo ni adimu. Kuna unga wa mahindi wa mgao. Nimefanya hesabu ifuatayo: kijiko kimoja kwa tundu moja, nimeona matundu manne, huenda kuna mengine manne yaliyojificha, na unga wa mahindi ni mwepesi kuliko wa muhogo, kwa hiyo zidisha mara mbili. Kwa ajili ya usalama nimezidisha tena. Bakuli moja na nusu.

Mzee Étienne aliirudisha rejeta ya zamani mahali pake, akatazama bakuli, akauliza kama si nyingi. Nikamwonyesha hesabu. Akaisoma, au alijifanya kuisoma, akafungua rejeta, akanipa mfuniko. Nikamimina yote.

Tukawasha. Tone. Tone. Tone moja la mwisho. Kisha ukavu! Saa nzima injini ilinguruma bila tone moja chini. Bata waliondoka. Wazee walinishika mkono mmoja baada ya mwingine.

Saa kumi na nusu Védaste alifika na risasi yake ndani ya gazeti. Akafungua mfuniko, akanusa.  Akasema: "Directeur, uliipikia lori nsima." Akasema ugali huo utakauka ndani ya mirija, na kwamba injini isiyo na mzigo haisemi ukweli. Akaomba aishushe sasa hivi, aisafishe, aizibe. Atamaliza gizani, lakini atamaliza. Mzee Étienne akanitazama mimi. Wote wakanitazama mimi.

Nikasema kwamba kufumua kazi iliyokamilika, usiku wa kuamkia msiba, ni kumkosea heshima marehemu.

Maneno mazuri. Mzee mmoja alitikisa kichwa kwa kukubali. Védaste akaifunga risasi yake tena ndani ya gazeti.

Jumapili, 8 Oktoba

Jana sikuandika. Leo naandika kwa ajili ya kumbukumbu rasmi.

Kwenda: vizuri kabisa. Asubuhi ya baridi, lori tupu isipokuwa waimbaji na jeneza lisilo na mtu. Nilikaa mbele. Hospitalini tulimkuta Eliezer mlangoni, ameketi juu ya furushi la nguo za mkewe. Aliligusa lori ubavuni kama mtu anavyomgusa ng'ombe. Akasema, "Ilikuja."

Kurudi: saa sita ya Oktoba. Jeneza, watu thelathini na mmoja, kwaya inaimba. Tulipopita Lumbadzi na barabara ikaanza kupanda, mshale wa joto ukapanda pia. Nikamshauri mzee Étienne asiutazame, kwa kuwa vipimo vya zamani hutia chumvi. Kisha moshi. Kisha mlio ambao sijawahi kuusikia, kama mlango mkubwa wa chuma unaofungwa ndani ya ardhi.

Tukasimama. Mzee Étienne akaufungua mfuniko kwa kitambaa. Uji mweupe ukaruka, ukatua kwenye mkono wake kuanzia kiganja hadi kiwiko, na uji haumwagiki kama maji, unaganda. Hakupiga kelele. Wanawake walimmwagia maji yao ya kunywa, yote, na hapo yakawa yamekwisha ya mkono na ya lori pia. Lakini lori halikuwa linahitaji maji tena. Injini ilikuwa imeshika. Haitazunguka tena milele.

Mpaka saa tisa hakuna gari lililokuwa limekubali jeneza. Vijana walijaribu kulipakia kwenye baiskeli mbili za kabaza, za kubebea abiria, zilizofungwa pamoja kwa kanga. Baada ya hatua ishirini gurudumu moja lilijikunja, na jeneza likainama, na ndani tukasikia kitu kikisogea. Eliezer akasema waliweke chini. Siku ya tatu tangu kifo, na jua lile. Odette akavua kitenge chake cha juu, akafunika jeneza, lakini inzi walikuwa wamekwisha kufika. Na vibali vyetu vya kutoka kambini vilikuwa vinaisha saa kumi na mbili jioni.

Mfumu, yaani chifu, wa kijiji cha karibu akaja na watu wake. Alisema "Pepani", pole ya huku, mara nyingi, akimshika Eliezer mkono bila kuuachia. Akasema kwamba kijiji chake kina makaburi, na kina vijana wenye majembe, na kwamba maiti hana ugeni.

 Eliezer alitazama barabara ya kwenda Dzaleka kwa muda mrefu sana. Kisha akauliza ni saa ngapi kwa miguu kutoka pale hadi kambini. Wakamwambia saa nne, kwa mtu mwenye nguvu. Akasema, "Basi njo hapa tutamuzika."

Kwaya iliimba vizuri. Nilitoa hotuba fupi.

Jumatatu, 9 Oktoba

Kikao cha kamati. Niliwasilisha ripoti ya kurasa nne yenye sehemu tatu: chanzo (mwinuko wa barabara), mambo ya nje (joto), na mapendekezo. Hawakufika kwenye mapendekezo.

Mzee Étienne alikuja na mkono umefungwa bandeji. Nilitarajia hasira, ningeweza kuijibu. Alisema tu: "Kijana, mi nilikuamini juu ya ile karatasi yako." Kisha akaketi. Lori bado liko barabarani, na watu wameanza kulifungua vyuma. Amekataa kwenda kulilinda. Anasema mlinzi analinda kitu kizima.

Wadhifa wangu umefutwa. Kwa kauli moja, isipokuwa mimi.

Védaste hakucheka. Hilo nimeliona kama ukosefu wa hoja.

Jumapili, 15 Oktoba

Wiki moja ya tafakari imenizalia wazo bora kuliko yote yaliyotangulia.

Eliezer ana kaburi la mtoto hapa na la mke kule. Ni dhahiri kwamba kuna uhitaji! Nimemwandikia barua ya rambirambi, rasmi, yenye kiambatisho: pendekezo la kuanzisha safari ya kila Jumapili kwenda makaburini, kwa lori lile lile, likiwekewa injini iliyotumika ya bei nafuu, chini ya usimamizi wangu. Nimemwomba awe msafiri wa kwanza. Nadhani ataguswa.

Nimeipeleka mwenyewe baada ya ibada, nikiwa nimevaa tai. Mlango umefungwa. Jirani anasema Eliezer aliondoka kabla ya jogoo, kwa miguu, na jembe begani. Alipita kwanza kwa mtoto, akapalilia. Kisha akashika barabara.

Nimeipitisha barua chini ya mlango. Nikakumbuka jambo, nikaivuta tena kwa kijiti, nikaongeza tanbihi: kwa lori, safari hiyo ni dakika arobaini tu.