Kichwa cha Ng'ombe na Kichwa cha Marthe

Jumatatu, 3 Machi
Nimechoka kuwa mtu asiye kitu. Hapa Kashojwa, kambini kwetu wakimbizi, wanatafuta mwalimu wa afya wa kijiji. Jirani yangu Pélagie naye anaitaka kazi hiyo. Ana picha za viungo vya mwili, tena za rangi! Mimi nina mdomo tu. Lakini nitafundisha ubongo, na nitauonyesha ubongo wenyewe. Nimekwenda Masha kwa Kezironi mchinjaji. Nimempa jogoo, amenipa kichwa kizima cha ng'ombe. Jogoo alikuwa wa mke wangu, Marthe. Nitamweleza baadaye.

Jumanne, 4 Machi
Amejua. Nyumba nzima kelele. Mbwa nao wamenusa, kwa hiyo nimekitundika kichwa kwenye boriti juu ya mlango. Marthe akasema, "Ile kamba ni mubaya." Nikamwambia aangalie maharagwe yake.

Jumatano, 5 Machi
Kamba imekatika! Kichwa kimemwangukia Marthe utosini akitoka na ndoo. Akazimia kidogo, akaamka. Nilikimbia kutazama kama fuvu limepasuka. Halikupasuka! La ng'ombe, nasema. Marthe akauliza mbona simtazami yeye. Nikamweleza kwamba fuvu la mtu ni sanduku la mfupa, Mungu alilijenga imara. Amekunywa Panadol.

Ijumaa, 7 Machi
Siku ya somo. Watu wamejaa chini ya turubai. Nikapasua fuvu kwa shoka. Nikaonyesha utando mgumu, ulioshikamana na mfupa. Wa pili, mwembamba kama wa buibui. Wa tatu, laini, umeugandamia ubongo. Nikasema ndani ya tando hizo kuna maji, ubongo unaelea humo kama mtoto tumboni. Nikaonyesha ubongo mkubwa, ubongo mdogo kwa nyuma, na shina linaloshuka kwenye uti wa mgongo. Hata Pélagie alikodoa macho. Nikatangaza kwamba kwa ulinzi huu, pigo la kawaida haliufikii ubongo kamwe.

Hapo Marthe, aliyekaa mbele, akatapika. Nikasema harufu imemshinda. Watu wakacheka. Nikaendelea.

Pélagie akaruka, akamshika mabega. "Eliezeri! Bibi yako anakufa na wewe unaongea mingi!"

Nilimwambia asinivurugie somo. Kisha nikauona uso wa Marthe.

Jumamosi, 8 Machi
Hospitali ya Mbarara. Gari la wagonjwa lilitufikisha jana jioni. Daktari Twinomujuni akanifokea: "Mzee, damu iko chini ya utando mgumu. Inasukuma ubongo. Kwa nini mulingoja?"

Utando mgumu! Niliushika kwa vidole vyangu. Sikufikiri kwamba sanduku la mfupa halitanuki damu ikimwagika ndani yake. Wamemtoboa fuvu, wameitoa damu. Hajaamka. Nimekaa kwenye korido, viatu vinanuka ng'ombe. Nilijaribu kusali, nikalia tu. Tangu tutoke kwetu, mwanamke huyu amenibeba mimi na mipango yangu. Akifa, nani atanikataza kitu?

Jumatatu, 10 Machi
Amefungua macho! Nikamshika mkono. Neno la kwanza kutoka kinywani mwake: "Pélagie." Si Eliezeri! Nilitoka nje, nikaegemea ukuta. Nikarudi, nikamwomba msamaha, kwa moyo wote. Akanitazama sana. "Jogoo yangu iko fasi gani?" Nikasema: Masha, kwa Kezironi.

Simu kutoka Kashojwa: kazi amepewa Pélagie. Wanasema aliokoa maisha. Kwenye somo LANGU!

Jumatano, 12 Machi
Marthe amekunywa uji. Nimemwapia: mipango basi, kabisa.

Mchana muuguzi Joanita alikuwa akimweleza mgonjwa wa kitanda cha pili. Kumbe kati ya damu na ubongo kuna kizuizi. Mishipa midogo ya humo imebana sana, haipitishi kila kitu. Dawa nyingi zinarudishwa njiani. Nikakaa wima. Wodi nzima inameza dawa na hakuna wa kuzivusha! Tangawizi, kitunguu saumu, asali kidogo. Chupa tupu ziko nyuma ya jiko la hospitali, nimeziona. Ndugu wa mgonjwa wa dirishani amekwisha kuniuliza dawa yangu itakuwa tayari lini. Marthe ananitazama kwa jicho moja. Nimemwambia alale.

Mimi nilivuka mpaka pale Bunagana bila karatasi hata moja. Dawa yangu itashindwaje kuvuka kizuizi cha ubongo?