Mfungwa wa Mia Tatu

Idara yetu inayo heshima kubwa kuutangazia umma kwamba Sera ya Kuachilia Wafungwa Mapema imetekelezwa kwa asilimia mia moja, na kwamba maneno yanayozagaa mitaani kuhusu vurugu siku ya sherehe hayana ukweli wowote. Hakukuwa na vurugu. Wahusika wote walikaa mahali pamoja, wametulia, kwa zaidi ya saa nne. Nayasema haya kwa sababu mimi ndiye Katibu wa Kamati ya Kuachilia Mapema, na mihtasari yote imeandikwa kwa mkono wangu.

Gereza letu lilijengwa kwa ajili ya watu mia nne. Sera ilipoanza lilikuwa na watu elfu moja na mia moja, na Mkurugenzi alikwishalieleza Bunge kwamba huo si msongamano, ni mwitikio mkubwa wa wananchi. Hata hivyo, aliyetaka kugeuka ubavu aliwageuza wenzake wanane, na Wizara ikaona picha zisingependeza. Tukaagizwa: wafungwa mia tatu wenye tabia njema watoke kabla ya mwisho wa mwezi wa sita.

Kamati ikatunga mfumo wa alama. Tulipojumlisha, wa kwanza alikuwa fundi vitasa mmoja ambaye gereza zima, askari kwa wafungwa, lilimwita Mzee Komeo. Alikuwa na kifungo cha miaka saba. Bwana mmoja mwenye suti alimwita amfungulie mlango wa ofisi, akadai ufunguo umempotea. Mzee akafungua. Kumbe ofisi haikuwa ya yule bwana. Bwana hakupatikana hadi leo. Fundi alipatikana kwa urahisi, kwa kuwa alibaki pale akikipaka kitasa mafuta.

Milango yetu ni ya zamani. Bawaba zimelegea, na kila mvua ikinyesha milango hushuka. Kwa miaka mitano Mzee Komeo alipita kila Jumanne na tupa, bisibisi na kopo la grisi, mlango hadi mlango, akiwafungia wenzake vizuri na kujifungia mwenyewe mwishoni.

Siku moja lango kuu liligoma. Mzee akalitengeneza, akatoka nje ili alijaribu kwa upande wa pili, akalivuta. Likajifunga barabara. Akabisha hodi.

"Nani?" aliuliza Sajini wa Lango, mtu anayeheshimu maandishi kuliko macho yake.

"Mimi, afande. Komeo."

"Una kibali cha kuingia?"

"Afande, mimi ni mfungwa."

"Wafungwa wako ndani. Na saa za wageni zimekwisha. Njoo Jumapili."

Mzee akakaa kwenye jiwe kando ya barabara, kopo la grisi magotini, saa moja na nusu, hadi mkuu wa zamu aliporudi kutoka kula. Kamati ilijadili jambo hili kwa kina. Baadhi yetu tuliliona ni tabia njema. Mkurugenzi aliliona ni kosa la kujaribu kuingia gerezani bila kibali, akamkata alama nne. Sajini akapewa cheti cha uadilifu.

Hata baada ya kukatwa, mzee alibaki wa kwanza. Ndipo Mkurugenzi akavua miwani.

"Jamani, hebu tuwe watu wazima. Huyu akitoka, milango nani ataishughulikia?"

Wajumbe wakageuka kuutazama mlango.

"Basi. Kumwachilia ni kuhatarisha usalama wa gereza. Katibu, andika."

Nikaandika: *Mwombaji ni hatari kwa usalama, endapo atakuwa nje.*

Wiki hiyohiyo binti yake alikuja ofisini kwangu. Ni fundi cherehani, na uzi mweupe ulikuwa umeganda begani kwake. Alikuwa na mimba kubwa.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, binti. Kaa."

"Nimekuja kuulizia ya baba. Nasikia katika orodha amekuwa wa kwanza."

"Ni kweli. Hongereni sana."

"Kwa hiyo anatoka lini?"

"Hatoki. Amekuwa wa kwanza kupita kiasi."

Alinitazama kama mtu anayesubiri mwenzake amalize utani. Nikamweleza kuhusu Umuhimu wa Kitaasisi, kifungu cha tisa.

"Ina maana angekuwa mkorofi?"

"Angekwishatoka. Wakorofi tuna sababu ya kuwaondoa."

"Mzee wangu," akasema polepole, "mama anatakiwa kupasuliwa nyonga. Daktari ameahirisha mara mbili. Anasema hampasui mpaka apatikane mtu wa kumnyanyua nyumbani asubuhi na jioni, wiki sita. Mimi tumbo hili ni la miezi saba. Nitamnyanyuaje? Sina kaka, sina mjomba. Nina baba, na baba mnaye ninyi."

Nikamwambia hoja yake ina mashiko, lakini haina fomu.

"Na wewe mwenyewe unayaamini haya?"

"Mimi huandika mihtasari, binti."

Akainuka kwa kuushika ukingo wa meza yangu. Nikatoka nikamsindikiza hadi nje ya jengo, jambo ambalo halimo katika taratibu.

Kazi ikaendelea. Tukawaachilia wezi wa baiskeli, wagomvi wa baa, na mheshimiwa mmoja mstaafu aliyetumikia siku kumi na moja, tisa kati ya hizo akiwa hospitali kwa shinikizo la damu lililompanda alipokiona kitanda. Siku ya mwisho tukawa tumetimiza mia tatu. Mkurugenzi akaagiza soda. Kabla hazijafunguliwa, karani akagundua kwamba mmoja wa wale mia tatu alifariki mwezi wa pili. Tuliipigia Wizara simu. Wizara ikasema marehemu hahesabiwi, ingawa tuliwaeleza kwamba tangu mwezi wa pili tabia yake ilikuwa njema kuliko ya wenzake wote.

"Leteni faili lolote!" Mkurugenzi akafoka. "Sasa hivi! Saa kumi Wizara wanafunga!"

Faili lililokuwa juu kabisa mezani kwangu lilikuwa la Mzee Komeo. Lilifikaje juu, siwezi kueleza, na hakuna muhtasari unaoeleza.

Mkurugenzi akalitazama faili, akaitazama saa, akasaini. Lakini yeye ni mtu wa tahadhari, akaongeza masharti ya uangalizi: mwachiliwa aripoti kwa ofisa wake kila Jumatatu, asiguse kitasa chochote cha serikali, na asisogelee gereza lolote kwa umbali wa nusu kilomita. "Mtu anayejua kila mlango wetu," alisema, "hatuwezi kumwacha azurure hapa nje."

Asubuhi iliyofuata mzee akatoka. Sajini aliisoma karatasi yake mara mbili, akaigonga muhuri, akampigia saluti. Binti alikuwa akingoja ng'ambo ya barabara. Hawakukumbatiana mara moja. Kwanza mzee alilitazama lile tumbo, akacheka, akafuta mikono kwenye suruali kana kwamba bado ina grisi.

Wiki tatu baadaye Waziri akaja kusherehekea mafanikio yetu. Mvua ilikuwa imenyesha siku nne mfululizo. Mkurugenzi alikuwa ameamuru selo namba tisa ipakwe rangi, na mafundi rangi, kwa kuwa waliambiwa wasibakishe mahali, hawakubakisha mahali. Walipaka kuta, dari, mlango, na tundu la ufunguo.

Waziri akaingia selo tisa pamoja na Mkurugenzi na wajumbe watano wa Kamati. Mimi nilibaki nje kwa sababu nilikuwa nimeshika koti la Waziri.

"Mheshimiwa," mpiga picha akasema kupitia nondo, "tukiufunga mlango kidogo, picha itakuwa ya kigereza zaidi."

"Wazo zuri," akasema Mkurugenzi, akauvuta mwenyewe.

Mlango ulijifunga kwa mlio wa kuridhisha. Kufunguka ukakataa. Askari akazungusha ufunguo kwa nguvu, ufunguo ukakatikia ndani. Askari wanne wakausukuma. Mkurugenzi akausukuma kwa upande wake, na kwa kuwa pande zote mbili zilisukuma kwa bidii sawa, hakuna kilichobadilika. Ilipendekezwa ukatwe kwa gesi. Waziri akauliza moto utaelekea upande gani. Pendekezo likaondolewa.

"Mwiteni Komeo!" Mkurugenzi akapaza sauti.

Nikaenda kwa gari la ofisi. Nilimkuta mzee sebuleni, amemshika mkewe kwapani, wanatembea kutoka kitandani hadi kwenye kiti. Mama alikuwa amepasuliwa siku kumi zilizopita.

"Saba... nane... Ngoja kidogo, bwana Katibu, bado hatua mbili. Tisa... Haya, mama, ya mwisho. Kumi."

Mama akakaa, akapumua, akanikaribisha chai. Nikaeleza shida yetu. Mzee akanisikiliza kwa heshima zote.

"Ningekuja, ndugu yangu. Lakini mimi nina masharti."

"Masharti gani? Sema tu, tutatimiza."

"Si ya kwangu. Ya kwenu." Akatoa karatasi mfukoni, ilikuwa imekunjwa vizuri ndani ya nailoni. Binti akaipokea, akaisoma kwa sauti, pamoja na ile nusu kilomita.

"Mwandiko huu si wako, mzee?" akaniuliza.

"Ni wangu."

"Akienda bila kibali si anarudishwa ndani?"

"Miaka miwili," nikakiri.

"Basi leta kibali. Cha maandishi."

Nikarudi gerezani. Kubadili masharti kunahitaji kikao, na kikao kinahitaji akidi ya wajumbe watano. Kwa bahati njema akidi ilikuwa imefungiwa pamoja. Ndivyo Kikao cha Arobaini na Moja kilivyofanyika ndani ya selo tisa, nami nikiandika muhtasari nje ya nondo. Kilikuwa kikao cha kwanza katika historia yetu ambacho hakuna mjumbe aliyeomba udhuru wa kuondoka mapema. Mjumbe mmoja alikumbusha kwamba mabadiliko ya masharti huanza kutumika baada ya siku kumi na nne. Waziri akasema maneno ambayo nimeyaandika hivi: *Mheshimiwa alisisitiza uharaka.* Azimio likapita kwa kauli moja.

Nilipokuwa njiani kumleta mzee, saa sita ikagonga, na saa sita ni saa ya hesabu. Sajini, aliyekuwa zamu ya ndani siku hiyo, akapita na kitabu chake selo kwa selo. Selo nane: kumi na wanne. Selo tisa: saba. Akaandika.

Mzee Komeo alifika, akasaini kitabu cha wageni, akachuchumaa mbele ya mlango. Akaitoa rangi kwa tone la mafuta ya taa, akakinasa kipande cha ufunguo kwa koleo, kisha akatia bega chini ya nondo na kuunyanyua mlango kwa namna ileile niliyomwona akimnyanyua mkewe, bila papara. Mlango ukafunguka.

"Nawaomba radhi, waheshimiwa," akasema akifungasha vyombo vyake. "Nimeacha mtu kwenye kiti." Akaenda zake.

Mkurugenzi akapiga hatua ya kutoka. Sajini akasimama mlangoni.

"Karatasi, afande."

"Karatasi gani?"

"Ya kuachiliwa. Selo tisa kuna saba. Kitabu kinasema saba. Aliyehesabiwa ndani hatoki bila karatasi. Waraka namba kumi na mbili, saini yako mwenyewe."

"Unajua mimi ni nani?" Waziri akang'aka.

Sajini akatazama kitabu. "Wa tatu kutoka kushoto, mheshimiwa."

"Nakuamuru upishe!" akasema Mkurugenzi.

"Selo haitoi amri, afande. Selo hutuma maombi."

Askari waliokuwa ukumbini wakaangalia viatu vyao. Katika selo nane mtu mmoja akaanza kucheka, akazibwa mdomo na wenzake. Mimi, kwa kuwa ni mtendaji, nikaenda ofisini nikaleta fomu saba na kalamu saba.

Wajumbe wakajaza haraka haraka: jina, umri, kazi. Wote wakakwama pamoja, kwenye sehemu ya nne. *Eleza kosa ulilotenda, na useme kama unalijutia.*

Waziri akaiacha wazi. Sajini akairudisha. "Asiye na kosa haachiliwi, mheshimiwa. Hakuna cha kumsamehe."

Waziri akaandika *uzembe*, akafuta, akaandika *mvua*. Ikarudishwa tena.

Mkurugenzi akachukua kalamu. Alikaa kwenye ukingo wa kitanda cha chuma, fomu juu ya goti, akautazama kwa muda mrefu mlango uliokuwa wazi. Kisha akainamisha kichwa na kuanza kuandika. Akajaza mistari yote mitatu iliyotolewa. Akaandika pembeni. Akaigeuza fomu, akaendelea nyuma.

Baada ya muda akaniita kwa sauti ya chini, sauti ambayo sikuwahi kuisikia katika vikao vyote arobaini na kimoja.

"Katibu. Una karatasi ya ziada?"